Panya Sita wa Rafu ya Chini

Kapseret, 3 Machi 2025

Nekoye mwanangu,

Hamjambo huko Kapsoya? Mjukuu wangu Janice amepona kikohozi? Mimi moyo unachoka, daktari anahesabu wiki, lakini uji unashuka vizuri na sina malalamiko. Isipokuwa hili, ambalo ulipokuja nilishindwa kukwambia uso kwa uso.

Ulisema panya sita wa 2009 wanakuvurugia utafiti: wameandikwa wanywaji, ubongo wao unakataa. Hawakosei. Nilikosea mimi.

Kabla wewe hujaja kuisimamia hiyo benki ya kuhifadhi tishu za ubongo, kazi yangu ilikuwa kuwapa panya pombe wiki kumi na mbili, ndipo ubongo wao ugandishwe, watafiti waone kwa nini mnywaji hushindwa kuacha. Wiki ya tisa ndugu yangu Mulongo alikuwa anakufa kwa pombe ya chang'aa. Asubuhi namfuta matapishi, mchana najaza chupa za panya. Mkono ulikataa. Sita wa rafu ya chini niliwawekea maji mpaka mwisho. Kwenye daftari nikaandika "pombe".

Nisamehe au usinisamehe, lakini rekebisha.

Baba yako,
Khisa

Kapsoya, 24 Machi 2025

Baba,

Pole na moyo. Janice amepona, anakusalimia. Mama anasema unaficha dawa chini ya mto, acha hiyo.

Nilikasirika. Miaka kumi na sita, Baba! Watafiti wawili walichukua vipande vya wale sita, nikawaandikia. Mmoja amefuta kazi yake na hata hakunisalimia. Wa pili alicheka: "Kumbe! Nimesema siku zote hawa wanafanana na walioacha."

Nimewabandika lebo mpya: "Walikunywa wiki nane, wakaachishwa." Benki haikuwa na wa namna hiyo. Jina lako liko kwenye taarifa ya kosa, sikulificha.

Hasira imeisha. Nakuja Jumamosi na samaki.

Binti yako,
Nekoye

Kapseret, 27 Machi 2025

Nekoye wangu,

Dawa nameza, mama yako ni shahidi. Jina liache hapo hapo, ni langu. Tangu barua yako ifike nalala kama mtoto mchanga.

Limebaki moja. Kulikuwa na panya wa saba, kizimba cha thelathini na moja. Kama chupa yake niliijaza pombe au maji, nimejaribu kukumbuka siku nzima, nimeshindwa. Ningesema "maji", ungeniamini.

Mwandike: haijulikani.

Baba