Siku Berthe Alikaa Mezani

Kashikishi, Nchelenge
Tarehe 19 Agosti 2025

Mpendwa yaya Colette, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu nyingi za mudogo wako Pierrette. Habari ya Liège? Goti lako linaendelea namna gani? Na shemeji Hugues, amerudia kazi ao angali anapumzika? Siye huku tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Baridi imeanza kutuacha, na asubuhi tunaweza kushuka ziwani bila kujifunika vitenge viwili. Binti yangu Keren, ni mutoto wako vilevile, anakusalimia sana.

Uliniuliza mara mbili namna anivesere ya kuzaliwa ya Berthe ilipita, na miye nilikuwa kimya. Usikasirike. Niliona nikieleza kwa telefone nitaiharibu, ndiyo maana nimekamata biki nikuandikie.

Weye haumujue Berthe kwa macho. Ni rafiki yangu wa soko, mukimbizi kutoka Pweto, kule Congo. Anaishi kambini Mantapala, lakini kila juma anakuja tupasue samaki pamoja. Zamani, Lubumbashi, aliosha vyombo miaka kumi na tisa katika restora moja ya Kifaransa. Siku moja, kisu mukononi, aliniambia: "Pierrette, miaka yote ile nilisikiaka harufu ya chakula chao tu. Hata viti vya mule ndani, sijue kama ni vigumu ao ni laini." Akacheka, akaendelea kupara magamba. Miye sikucheka. Nikajiambia: siku atatimiza miaka makumi sita, huyu mama atakaa mezani mwa restora.

Wamama wa soko walikubali, tukachanga. Kazi ikabaki kuchagua restora. Mesaje yako ya sauti ilitusaidia sana, ile ulisema: "Restora yenye meni ndefu kama kitabu, muikimbie. Mutafute yenye ukurasa mumoja." Keren akatafuta kwenye telefone yake, akapata tatu. Ya Kitwe iko na bustani nzuri, lakini njia fupi ya kwenda kule inakatia ndani ya Congo, na Berthe na karatasi yake ya mukimbizi hawezi kukanyaga mule. Zikabaki mbili za Lusaka.

Nikazipigia miye mwenyewe, na Kingereza changu cha sokoni. Kwa ya kwanza, mutu aliyepokea aliuliza tu kama tutavaa vizuri. Kwa ya pili, alipokea mama mwenyewe wa restora. Akauliza: "Rafiki yako anapenda kula nini?"

Yaya, fikiria. Miaka saba niko na Berthe, na sikujua anapenda nini! Kila mara anapakulia wengine, kisha anakula kilichobaki, amesimama. Nikasema: "Mama, sijue." Akajibu: "Basi umulete, tutajua pamoja." Pale pale nikachagua.

Ofisi ya kambi ilimupa ruhusa ya siku saba. Tulienda Lusaka kwa kuzungukia Mansa na Serenje, miye, Berthe na Keren, hata miguu ikavimba. Kesho yake saa sita ya mchana tukaingia mule restora. Weye umezoea vile vitu, lakini miye nilishikwa na woga kama mutu anayeingia kanisani kwa mara ya kwanza. Vitambaa vyeupe bila doa. Gilasi tatu kwa mutu mumoja. Na kimya, yaya! Watu wanakula na huwezi kusikia hata kijiko. Muhudumu, jina lake Mwape, akavuta kiti nyuma ya Berthe. Berthe akageuka kumuangalia, akafikiri anakiondoa. Kisha akakaa polepole, akaweka mikono juu ya magoti.

Meni ikaja: ukurasa mumoja, Kifaransa kitupu. Nikainama nimusomee, maana Berthe hajui kusoma. Kanisani ni miye ninayemufungulia kitabu cha nyimbo. Lakini kidole chake kilikuwa kimekwisha kushuka juu ya karatasi. "Confit de canard," akasema. "Ni bata. Analala ndani ya mafuta yake mwenyewe. Nyungu yake inataka maji ya moto mara tatu." Kidole kikashuka. "Gratin. Hii ya viazi inashika pembeni, unailoweka tangu asubuhi. Velouté, hii ni supu, haina matata, unasukutua tu."

Mwape aliacha kuandika. Keren aliniangalia, nami nikamuangalia. Nikauliza: "Berthe, nani alikufundisha?"

"Bile bikaratasi bya komande, bya vyakula watu wanaomba," akajibu. "Walikuwa wanabibandika ku ukuta, juu ya maji yangu ya kuoshea. Mupishi anaita jina, chakula kinatoka, kisha sahani inarudia kwangu. Nilijua pole pole. Lakini ninasoma chakula tu, Pierrette. Biblia, hapana."

Akatuchagulia miye na Keren. Mwape akamuuliza, na yeye mwenyewe atakula nini? Berthe akarudisha kidole juu ya karatasi. Mwisho akaonyesha jina la chini kabisa: île flottante. Ni povu ya mayai inayoelea juu ya maziwa matamu. "Hii," akasema, "sahani zake zilirudiaka bila kitu. Kila siku. Walikuwa wanalamba hata mwisho. Nilikuwa ninajiuliza: kuna nini mule?"

Ilipofika, alikamata kijiko kidogo, akaonja, akafumba macho. Mama wa restora alikuwa amesimama mulangoni, anamuangalia. Berthe akafungua macho: "Kumbe." Akakula yote, amekaa, bila haraka.

Nilifikiri imekwisha. Hapana. Berthe akamuomba yule mama amuache aingie mu kikoni, mule wanapikia. Nikamufuata. Kule nyuma, mwanamuke mumoja, Chipego, alikuwa na mikono ndani ya povu ya sabuni. Alipotuona na nguo zetu za sikukuu, alishituka, akauliza kwa Kibemba: "Mayo, mama yangu, mumekuta uchafu kwenye sahani?"

Berthe akamushika mikono yote miwili, vile ilikuwa inachuruzika maji. "Hapana, mwanangu. Sahani ilikuwa safi. Nimekuja kukuambia natotela, aksanti." Maji yakaloanisha kitenge kipya cha Berthe. Wapishi wakaacha visu. Yaya, nimevuka hili ziwa tangu nilipokuwa binti, nimeona mawimbi na nimeona vita. Kitu kama kile, sijaona.

Tulirudi ruhusa ikingali na siku moja. Jumamosi, siku ya Posho, Berthe alikuwa tena sokoni, na wamama wote wakataka awaelezee. Aliwaambia neno moja tu: "Viti ni laini."

Umusalimie shemeji Hugues, watoto, na tantine Arlène ukimuona misani. Bwana awalinde katika baridi inayokuja kwenu, na alinyooshe goti lako.

Ni miye mudogo wako, ninayekupenda hata ngambo ile,
Pierrette