Maman Nsimire na Neno "Late"

Jumatatu, 4 Oktoba 1976
Saa kumi, sale ya paroisi, chumba cha mikutano pale kanisani. Wanafunzi sita, wote watu wazima. Leo neno "late". Nikaandika ubaoni: I am late, nimechelewa. Maana ya pili nikaiacha, mvua ilikuwa inakuja. Maman Nsimire alirudilia neno kuliko wote. Anajifunza Kiingereza juu ya bwana yake, dereva wa kamiyo ya mizigo kule Kampala. Miezi mitano hajaandika.
Nimekula maharage ya jana. Peke yangu.

Jumatano, 6 Oktoba
Maman Nsimire alifika mbele ya wengine. Ana barua ya Kiingereza, ya kampuni ya bwana yake. Ameisoma mwenyewe, hakuuliza mutu. Alikuwa anacheka.
"Mwalimu, bwana amechelewa tu. Valizi yake ya nguo imetangulia, wanasema tuende kuichukua."
Nikasoma. Your late husband. Hapo si kuchelewa. Ni marehemu.
Nikamwambia nitaisoma vizuri nyumbani. Uoga mutupu. Barua iko kwangu. Ninaona haya.

Alhamisi, 7 Oktoba
Nimepita mbele ya nyumba yake mara mbili. Anapaka chokaa ukutani, bwana akute nyumba safi. Sikuingia.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimemwambia. Pale mlangoni, nimesimama. Nikasema neno lile lina maana ingine, na katika barua hii ni hiyo. Alibaki ameshika brashi ya chokaa.
"Ile siku ya kufundisha, ulikuwa unaijua?"
Nikasema ndiyo.
Akaingia, akafunga mlango. Majirani walisikia kilio, wakaja. Mimi nikaondoka. Hakuna aliyeniuliza ninaenda wapi.

Jumatatu, 11 Oktoba
Watu watano. Nikafundisha maana zote mbili. Hakuna aliyeandika. Ile ya pili walikuwa wanaijua tayari, mtaa mzima unaijua.

Jumapili, 24 Oktoba
Kisha misa kuisha, Maman Nsimire amekuja kwangu na dada yake. Tumeandika jibu kwa kampuni, tunauliza: bwana alikufa na nini, amezikwa wapi. Sentensi ya mwisho aliitunga mwenyewe, kwa Kiingereza. Ilikuwa sawa. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.
Akauliza mimi ninaandikia nani. Nikasema hakuna. Mama yangu iko Shabunda, mwaka wa tatu sijamwandikia. Akachana karatasi moja katika kaye yake ya masomo, akaiweka mezani.
Wamekwenda. Mvua kidogo. Nimeandika "Mama". Bado niko hapo.