Koti la Wakili

Jumapili, 3 Agosti

Barua mbili! Siyo moja. Mbili. Vyuo viwili vya sheria vinamgombea binti yangu kama watu wanavyogombea kiti cha mbele harusini. Chuo Kikongwe — kile cha milimani kwenye baridi, walikosoma majaji — kinamtaka. Chuo Kipya, hapa ng'ambo ya mto, nacho kinamtaka. Vyote viwili vitamlipia ada. Jibu linatakiwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Na mimi niliishia shule ya msingi! Barua ya Chuo Kikongwe nimeisoma mara nne. Maneno mengine sikuyaelewa, lakini yamekaa vizuri kwenye karatasi.

Baba yake karudi kutoka kwenye tanuri lake la mikate, kaisoma, kaikunja, kasema hongera mwanangu, kaenda kulala. Mwanamume huyu akikuta nyumba inaungua atasema leo kuna joto.

Nimeshaamua. Yaani ameshaamua. Ni Kikongwe, kwani kuna swali?

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelianza koti. Sufu nyeusi, nimeitunza sandukuni miaka sita nikimsubiri anayestahili. Bitana nzito, nyekundu iliyoiva, ile tunayoiita damu ya mzee. Ndiyo rangi ya Chuo Kikongwe, nimeiona kwenye bahasha.

Sikumpima. Mwanangu simpimi. Tangu gauni lake la kwanza la shule namkatia kwa jicho. Jicho la mama lina futi ndani yake.

Kufika saa tano nilishalivika sanamu mlangoni, limeshikizwa tu kwa nyuzi za kupitisha, lakini limesimama! Nimebandika karatasi: KOTI LA WAKILI. HALIUZWI. Watu tisa wameuliza, na wote nimewajibu kwa kirefu. Fundi viatu, mzee tunayegawana naye kibaraza, kaomba nipumzike kidogo, eti hata viatu vyake sasa vinajua habari za Chuo Kikongwe. Wivu huo.

Mkunga naye kaja kuchukua sare yake. Nikamkumbusha siku ile binti ana miaka kumi, kajificha chini ya meza yangu ya kukatia, akatoka na kumsomea barua ya mwenye nyumba. "Shangazi, hapa hawakufukuzi, wanakutisha tu." Miaka kumi! Mkunga mpaka leo anakaa nyumba ile ile.

Jioni binti kapita, kasema koti ni zuri. Kaigusa ile karatasi, kaingia ndani. Amechoka. Hata furaha inachosha.

Jumatano, 6 Agosti

Jana sikuandika, nilikuwa namalizia koti kwa mashine.

Leo nimemjaribisha. Mabega yamekataa! Limebana mgongoni, mkono wa kushoto umepanda. Nikabaki na pini mdomoni kama mwanagenzi. Lini amepanuka hivi, na mimi nilikuwa naangalia wapi?

Sasa, cherehani imenifundisha jambo moja. Mtu akisimama ndani ya nguo iliyojaa pini hawezi kukaa wala kukimbia. Hapo ndipo wateja wangu husema ya moyoni. Bibi harusi mmoja aliniambia hamtaki bwana, mimi niko magotini napima pindo. Kumbe na binti yangu ni mteja kama wengine.

Kasema, kwa sauti ndogo, anakitaka Chuo Kipya. Pale tangu muhula wa kwanza wanafunzi wanakaa kwenye kituo cha msaada wa sheria, watu wanakuja na barua zao, na wewe unasikiliza. Kule milimani ni miaka miwili ya vitabu kabla hujamwona mtu mwenye shida yake. Kasema sheria yeye aliisikia kwanza chini ya meza yangu.

Nikatoa pini mdomoni. Nikamwambia asijitoe mhanga, mimi si mgonjwa, nina mume na cherehani mbili, asibaki kwa ajili yangu.

"Sibaki kwa ajili yako, mama. Kwa ajili yako ningekwenda."

Nikajichoma kidole. Nikasema tu, geuka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeamka na hasira, sijui za nani. Watu nimeshawaambia! Mkunga, fundi viatu, muuza maji, mpaka yule aliyekuja kuuliza njia. Sasa niwaambie nini, kwamba chuo cha majaji tumekiacha tukavuka mto?

Nikamweleza baba yake yote. Akatafuna. Akameza. Akasema unga huumuka wenyewe, kazi ya mwokaji ni kutofungua tanuri kabla ya wakati. Hayo ndiyo maneno yake ya mwaka mzima, na kayamalizia hapo. Nimemnunia nusu saa kwa sababu ni kweli.

Mchana binti kaja dukani. Amefikiri, atakwenda milimani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema koti limeshashonwa na mtaa mzima unajua. Alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi yangu.

Koti! Koti ndilo liamue! Wakili gani huyo anashindwa kesi na koti?

Nimemngoja aondoke. Nikalivua sanamu, nikashika wembe. Nikafumua bitana yote, kisha mikono, kisha kola. Fundi viatu kasimama na nyundo yake, kauliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia koti lilikuwa dogo.

"Lilikuwa dogo," kasema, "au lilikuwa lako?"

Simpendi huyu mzee. Kesho nitampelekea chai.

Karatasi nimeitoa. Neno WAKILI nimelikata kwa mkasi na kulitia kwenye droo ya vifungo. Hilo halina chuo.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa nane mchana. Nimefunga duka, naandikia jikoni. Vipande vya koti viko mezani, vimepigwa pasi, vimelala kama nguo ambayo haijazaliwa.

Asubuhi nimemwambia binti hivi: koti halipo, kuna kitambaa. Akiba ya kitambaa niliiacha ndani ya mishono, mabega yake yatatosha. Akienda milimani natia bitana nzito. Akivuka mto natia nyepesi, au siweki kabisa. Lakini leo nampima kwa tepu, kama mteja wa kawaida. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema basi mchana ataoga kwanza, kisha apimwe, kisha ajibu.

Simu yake hii hapa, kando ya chaki. Kurasa za kujibu vyuo vyote viwili ziko kwenye kioo, hajabonyeza hata moja. Sijaigusa! Nimeitazama tu. Mara tatu.

Nimempelekea fundi viatu chai. Kauliza, haya, anakwenda wapi? Nikamwambia sijui. Akaweka kikombe chini. Miaka kumi na minne ya kibaraza kimoja, kasema, hilo neno hajawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu.

Na halijaniua. Nimerudi nyumbani naimba. Binti yangu anagombewa na vyuo viwili na mimi mwenyewe sijui kipi kitampata. Nani mwingine mtaa huu ana shida tamu kama hii? Jumatatu nikifungua duka nitawaambia — hapana. Ngoja kwanza.

Maji yamefungwa bafuni. Tepu iko shingoni. Nitaanza na mabega. Na nitatia pini nne mdomoni, ingawa kupima hakuhitaji pini hata moja. Ili aanze kusema yeye.