Jina Lililokuwa Chini ya Kidonda

Wifi yangu mpenzi,

Sisi tuliobaki tunakusalimu. Paa halivuji tena, na cherehani yako nimeitia mafuta.

Nakuandikia kuhusu jiwe la kaburi la kaka yako. Mchongaji aliuliza aandike jina gani. Majirani wakasema, "Andika Kidonda, ndilo tunalolijua." Nilikaribia kukubali. Miaka thelathini nilimwita hivyo, naye akaitika akicheka. Lakini moyo ulikataa: mtu alale milele chini ya jina la jeraha?

Nikapekua sanduku lake, nikapata cheti cha ubatizo: Dieudonné. Nikampelekea mwalimu mstaafu wa Kifaransa.

"Dieu ni Mungu, donné ni aliyetolewa," alisema. "Mama yake alimngoja sana?"

Miaka tisa, wifi! Ndiyo maana mama alimwita Done, nasi tukidhani ni deko tu. Wenzake shuleni walishindwa kulitamka jina zima, wakasema Kidonda; shukrani ya mama ikageuka jeraha.

Jana jiwe lilisimamishwa. Fundi viatu, jirani yetu, akalisoma kwa sauti: "Di-e-u-do-nne." Akanigeukia. "Shemeji, nne? Wengine watatu wako wapi?"

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikamjibu, "Mungu alitupa mmoja tu, akatosha."

Kisha wote wakalitamka pamoja, wakikosea kwa nguvu.

Ni mimi wifi yako,
mke wa Dieudonné