Maelezo ya Fundi wa Antena Kuhusu Kifo cha Ng'ombe Aitwaye Shangazi

Shahidi: Fundi Koili, kama ninavyoitwa kazini
Umri: miaka 38
Kazi: fundi wa antena, shamba la ng'ombe wa maziwa
Makazi: nyumba za wafanyakazi, mlango wa tatu
Maelezo yameanza kuandikwa tarehe 11, saa 8:20 mchana.

Mimi ndiye niliyebuni na kufunga antena kwenye vizimba vya kulishia. Kila ng'ombe ana hereni ya plastiki sikioni yenye namba yake. Akiingiza kichwa kizimbani, antena, ambayo ni koili ya waya wa shaba ndani ya fremu, huisoma hereni hiyo, na mashine humwagia chakula kidogo kidogo mpaka fungu la siku la ng'ombe huyo liishe. Sijalala vizuri siku mbili, afande, kwa hiyo nikirudia neno univumilie.

Mlishaji wa shamba, ambaye yuko mahabusu hapa, ni baba mkwe wangu. Nimeulizwa kama namtetea kwa ajili ya ukwe. Ningekuwa mtu wa kutetea ukwe ningesema tangu juzi.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, msimamizi wa shamba alilalamika kuwa antena zinawaruka baadhi ya ng'ombe bila kuwasoma. Siku hiyo hiyo nilitengeneza koili kubwa zaidi ili zisome kutoka mbali. Nilizipima kwa hereni moja niliyoifunga kwenye mpini wa fagio, ng'ombe wakiwa malishoni. Zilisoma mara ishirini kwa ishirini, nikajisifu. Baba mkwe alikuwa anatazama, akasema, "Mkwe, fagio halina jirani. Hawa wanakula wamebanana." Nikamwambia aniachie kazi yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa guu lililovunjika si langu. Saa 10 jioni nilikuwa nimeshafunga zote, nikaenda nyumbani.

Mnamo tarehe 6, saa 2 asubuhi, aliniita vizimbani. Akasema, "Kidosho analia njaa, na ndiye anayekamuliwa kuliko wote." Nilitazama kompyuta, nikamjibu kuwa Kidosho amekula kilo nane, fungu lake lote. Akasema, "Basi mkaikamue hiyo kompyuta." Wakamuaji walicheka sana. Mimi nilichukia kuchekwa, nikaondoka bila kwenda kumwangalia ng'ombe.

Kidosho alizoea kulia kizimba cha pili. Cha kwanza kilikuwa cha Shangazi, ng'ombe mwenye mimba kubwa, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Fungu lake lilikuwa kilo mbili tu.

Mnamo tarehe 9, saa 12 asubuhi, Shangazi alikutwa amekufa, tumbo limevimba. Daktari wa mifugo alimpasua akakuta nafaka nyingi mno. Kompyuta ilionyesha kilo mbili. Msimamizi akasema basi nyingine zimetoka mkononi mwa mtu, na ufunguo wa ghala anao mlishaji peke yake, mtu aliyeipinga mashine hadharani. Akanigeukia mbele ya wote. "Antena zako ziko sawa?" Nikasema, "Ziko sawa." Baba mkwe alinitazama. Saa 4 polisi walimchukua.

Jioni hiyo mke wangu alinipakulia chakula, akaenda kukaa chumba cha pili.

Jana, tarehe 10, saa 7 mchana, nilimletea mzee nguo. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, "Mkwe, labda nilimpa kwa mkono nikasahau. Uzee huu. Mashine haiwezi kusahau." Amelisha ng'ombe miaka thelathini na moja. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za kituo hiki. Niliona aibu.

Leo saa 3 asubuhi nilirudi vizimbani na hereni mbili, moja kila mkono, nikazishika pale masikio ya ng'ombe wale wawili yanapokaa. Antena ya kizimba cha kwanza ilisoma hereni ya jirani mara kumi na nne kati ya ishirini. Koili yangu ilikuwa inavuka mpaka. Kila ilipomsoma Kidosho, mashine ilimmwagia Shangazi chakula cha Kidosho, na kompyuta ikaandika kuwa Kidosho ndiye aliyekula. Kipimo hicho kilinichukua dakika kumi. Ningeweza kukifanya tarehe 2.

Nilimweleza msimamizi. Alisema, "Subiri kwanza, tulizungumze wenyewe." Sikusubiri, nimekuja.

Niliyoyafanya na niliyoyaona yameishia hapo, nimeyasema kwa hiari yangu. Nina ombi moja. Mzee hakusahau. Naomba aambiwe hivyo na askari, kutoka kwenye karatasi, maana mimi nikimwambia atadhani namfariji.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi. Mtuhumiwa naye amesomewa akiwa mahabusu, saa 10:05 jioni. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, kisha akaomba yasomwe tena kuanzia "Mzee hakusahau." Yamesomwa tena.