Pumzi ya Shingo Ndefu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na wifi hamjambo, na ule mgongo wako wa kukaa kwenye usukani kutwa umeacha kukusumbua. Kama bado, acha ubishi uende ukachuliwe. Wewe tangu zamani mpaka uanguke ndipo ukubali kwamba unaumwa. Sisi huku tunaendelea. Nasema "sisi" kwa mazoea tu, maana nyumbani nimebaki peke yangu na kitanda cha Baba, ambacho sijapata nguvu ya kukitoa sebuleni.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na nimeikunjua na kuikunja mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Mwanzo wake ulinichekesha. Eti dereva mzima wa lori la mafuta, unasubiri zamu yako ya kupakia huku umejiinamia kwenye kompyuta unajenga bustani ya dinosaria! Umesema umechimba bwawa lako la kwanza, ukamtia humo yule mnyama wa taya kubwa, ukabania pesa kwenye kioo, kioo kikapasuka na wageni wako wote wakatoka mbio kwenda kudai kiingilio chao. Pole, lakini ulijitakia, maana maelezo yapo palepale na wewe husomi maelezo. Umesema pia kwamba wanyama hawa wapya wa baharini wamekupendeza kuliko wale wa nchi kavu, ila yule wa shingo ndefu bado hujamfungua. Nakuomba sana, usimfungue kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Kisha ukauliza lile swali lako. Umeuliza kama Baba alikuachia radhi kabla ya kufa. Siku ya mazishi uliniuliza hivyohivyo kwa simu nikakujibu kwamba hakusema kitu, nawe ukakata bila kuaga. Nilikudanganya, Kaka. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga, kwa sababu kwenye simu najua nitadanganya tena.

Sikulaumu kwa kuuliza. Nilikuwepo siku tuliyomzika Mama, uliposimama mbele ya watu ukamwambia Baba kwamba yeye ndiye aliyemuua kwa kumchelewesha hospitali. Na nilimsikia naye akikujibu kwamba siku akifa yeye usije ukagusa udongo wake. Tangu hapo miaka sita, si wewe wala si yeye aliyemtafuta mwenzake, nami nikawa katikati kama mtu anayeshikilia mlango watu wawili wakivutana. Alipokufa hukuja kumzika kwa sababu ya neno lile, na majirani wamekusema sana. Mimi sijakusema. Mimi nina yangu.

Itabidi nianzie kazini, maana jambo lenyewe lilianzia huko. Ofisi yetu iko juu ya duka la magodoro, na chumba changu cha kunasia sauti tumekizibia kuta kwa vipande vya magodoro tunavyopewa bure na mwenye duka. Mkuu wangu tunamwita Kimya, kwa sababu neno hilo ndilo salamu yake. Mwaka jana tuliambiwa kwamba toleo jipya la gemu hilohilo unalocheza litaleta wanyama wa baharini: yule wa taya, yule mwenye umbo la samaki na macho kama sahani, kobe mmoja mkubwa kuliko gari, na wa shingo ndefu. Huyo wa mwisho ndiye niliyepewa mimi. Kazi yangu ilikuwa kumpa sauti, hasa sauti ya kuugua. Mchezaji akibana wanyama wengi kwenye bwawa moja, wa shingo ndefu ndiye wa kwanza kuumwa, na mchezaji anatakiwa amsikie kabla hajamwona, ili aite daktari wa mifugo mapema.

Mtaalamu wa visukuku aliyekuja kutushauri alitwambia kwamba mnyama huyo hakuwa samaki. Alikuwa na mapafu, kwa hiyo ilimlazimu apande juu kuvuta hewa. Tulipomuuliza alikuwa na sauti gani akacheka, akasema mapafu hayabaki kwenye mawe na tujibunie wenyewe. Basi nikajaribu pampu ya baiskeli, nikajaribu kupuliza mrija kwenye ndoo, nikajaribu kukanyaga godoro la hewa. Kimya alisikiliza yote akasema mnyama wangu anapumua kama mtu anayejaza tairi. Akanipa mpaka Ijumaa.

Nami kila jioni narudi nyumbani, nafungua mlango, nasikia sauti niliyokuwa naitafuta.

Nimeliandika hilo nikaiweka kalamu chini, nikaenda kuosha vyombo kwanza. Wewe hukumwona Baba mwaka wa mwisho. Lile vumbi la kiwanda cha saruji lilikuwa limemaliza mapafu yake, na pumzi yake ilikuwa na mkwaruzo mwanzoni, halafu kitu kama maji katikati, halafu kimya kirefu mpaka unasimama mlangoni kuangalia kama kifua kitainuka. Mtu mwingine angesikia mzazi anateseka. Mimi pia nilisikia hivyo, naapa, lakini nilisikia na lile lingine, nalo halikunitoka.

Jumatano mchana niliomba ruhusa nikarudi nyumbani na kinasa sauti cha ofisi na ile maikrofoni nzuri. Baba akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia nataka kunasa sauti yake. Akauliza kama sauti hiyo inaweza kwenda mbali. Nikiwa naharakisha kufunga nyaya nikamwambia inakwenda mbali kabisa, popote palipo na mtu wa kusikiliza. Akaniomba nimletee shati lake la mikono mirefu, nimfunge vifungo vyote mpaka shingoni, na nimwinue akae. Nilikasirika, Kaka. Akikaa pumzi yake huwa nafuu kidogo, na mimi nilitaka iliyo mbaya. Hata hivyo nikamkalisha, nikawasha kinasa, nikatoka nje. Katika kazi yetu anayenasa habaki chumbani, maana nguo zake, tumbo lake, hata kumeza mate kwake, vyote vinaingia. Nikakaa uani nikafua mashuka kwa dakika arobaini. Niliporudi nilimkuta amechoka sana, jasho linamtoka, na macho mekundu. Nikadhani ni kwa sababu ya kukaa.

Kesho yake asubuhi nikafungua faili ofisini. Sijui kama umewahi kuona sauti kwenye kompyuta. Pumzi hutokea kama vilima vidogo, na maneno hutokea kama kichaka cha miiba, na mtu aliyezoea hahitaji kusikiliza ili ajue lipi ni lipi. Kimya ndiye aliyenifundisha kusafisha sauti kwa macho, kwa sababu ukisikiliza kila kitu hutamaliza. Mwanzoni mwa faili kulikuwa na vilima tisa vizuri. Baada ya hapo kichaka, dakika kumi na moja zote kichaka. Nikasema moyoni kwamba jirani amepita dirishani wakapiga soga. Nikakikata. Sehemu ya mwisho nayo haikunifaa, nikaitupa. Nikabaki na zile pumzi tisa, nikazihifadhi juu ya faili lilelile la mwanzo, likafutika, jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hukatazwa. Kadi ya kumbukumbu ya kinasa nikampa mwenzangu aliyekuwa anaisubiri mlangoni. Alikuwa anakwenda kwenye bwawa la kuogelea kunasa maji kwa ajili ya yule wa taya.

Kimya alipozisikia zile pumzi alivua spika za masikioni akazishika mkononi, kisha akanipa mkono. Hakuuliza nimezitoa wapi, nami sikusema. Nilifurahi, Kaka. Sitaki nikufiche hata hilo.

Siku tisa baadaye, mchana, nilikuwa namlisha Baba uji, akaniuliza kama umejibu. Nikamuuliza nani. Akakutaja wewe kwa lile jina la utani alilokupa ulipokuwa unajifunza kutembea, ambalo sikuwa nimelisikia kwake kwa miaka sita. Nikadhani homa imempanda. Akakunja uso vilevile alivyokuwa akikunja tukishindwa hesabu, akasema kwa vipande vipande, neno moja na pumzi, neno moja na pumzi, kwamba si alishakwambia yote kwenye kile kijiti changu cha kunasia sauti. Alisema aliyamaliza yote siku ile na hana pumzi ya kuyarudia.

Niliweka bakuli chini nikaenda ofisini kwa miguu yangu hii, na sikumbuki njia. Fundi wa kompyuta alihangaika na lile faili, kisha akaitafuta kadi, akaipata, akafukua kila kitu kilichokuwamo. Maji. Saa mbili za maji ya bwawa la kuogelea. Walikuwa wamenasa maji juu ya Baba, na chini ya maji hakukuwa na kitu tena.

Kwa hiyo sijui alikwambia nini. Dakika kumi na moja, kwa mtu ambaye dakika moja ya kuongea ilimgharimu mchana mzima. Siwezi kukwambia ilikuwa radhi, hata kama ningependa iwe hivyo, na siwezi kukwambia ilikuwa laana. Nimejaribu kukumbuka kile kichaka kilivyokuwa kwenye kioo cha kompyuta, kama maneno yalikuwa makali au ya chini, na ninachokumbuka ni mkono wangu tu ukikata.

Pumzi zake zimo kwenye gemu. Toleo lilitoka wiki moja baada ya mazishi, na watu wamelipenda. Wengine wanaandika kwamba wamemjengea wa shingo ndefu bwawa lake peke yake ili asiugue kamwe. Wengine wanabana wanyama kwa makusudi wapate kumsikia, wanacheka. Nataka ujue na hili: pumzi ya tisa ni ndefu kuliko zote, ya kuvuta tu, haina ya kutoa. Ni ile aliyovuta kabla hajaanza kusema na wewe. Nilikata palepale. Mnyama akiugua hupanda juu ya maji, huvuta hiyo, halafu mashine inarudi kwenye pumzi ya kwanza. Nimeshamweleza Kimya. Alikaa chini kwenye mabaki ya magodoro, akasema nikitaka ataiondoa kwenye toleo lijalo. Sijamjibu, kwa sababu ikitoka humo Baba hatakuwa na sauti popote.

Lakini hilo silo kubwa. Siku ile niliporudi kutoka ofisini aliniuliza tena, na kesho yake asubuhi akaniuliza mara ya tatu, umejibu? Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba nimeyakata maneno yake nikidhani ni soga za jirani. Ningeweza kukupigia wewe, nimwekee simu sikioni, nawe ungepokea au usingepokea. Niliona haya, Kaka. Niliwaonea haya nyote wawili. Nikamwambia umejibu. Akataka kujua umesema nini hasa. Nikamwambia umesema umeyapokea yote, na kwamba maneno uliyomwambia siku ya mazishi ya Mama unajuta, na unamwomba radhi.

Alinitazama muda mrefu, nami nikajikuta nahesabu pumzi zake kwa mazoea ya kazi. Zilifika sita. Kisha akasema, "Basi," akaniomba nimgeuze upande wa dirishani. Hakusema neno jingine siku ile, na kesho yake asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, akakata roho.

Neno hilo moja ndilo alilokuachia. Limepitia kwangu, na limetolewa kwa jibu ambalo hukulisema.

Umeuliza kama Baba alikuachia radhi, na mimi sina jibu. Lakini nami nina swali langu, na sina mwingine wa kumuuliza. Nilikuombea radhi kwa kinywa chako bila kukuuliza. Kama ulikuwa nayo moyoni miaka yote hiyo ukashindwa tu kuitamka, basi nilifikisha ujumbe. Kama hukuwa nayo, nilimdanganya baba yetu akiwa anakufa, na akaondoka na uongo wangu. Niandikie uniambie nilifanya lipi kati ya hayo mawili. Usinihurumie.

Msalimie sana wifi, na mwambie nimeipata ile kanga, nitaivaa nikishatoka kwenye msiba. Endesha polepole.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba