Sensa Mpya, Namba ya Zamani

Jumamosi, tarehe 2

Shikamoo Shangazi,

Habari za huko, na goti lako? Mimi mzima, ila kazini hakukaliki. Droni yetu ya kupeleka damu zahanati ilianguka Alhamisi ikiwa na mifuko miwili. Skrini ilionyesha betri imebaki asilimia sitini. Bosi anasema rubani wetu, Mrefu, aliiendesha kama pikipiki ya kukodi. Amesimamishwa, kikao cha kumfukuza ni Ijumaa. Mwenyewe anasema betri iliisha. Watu wanamcheka: itaishaje na sitini?

Sensa ya betri niliifunga mimi. Ni kidude kinachokaa kati ya betri na kompyuta ya droni, kinapima volti na ampea. Ya zamani iliungua, tukaletewa kubwa zaidi. Waya zote sita ziko mahali pake, plagi iliingia bila kulazimishwa. Wewe umesuka upya waya za mota zilizoungua miaka thelathini. Niandikie mistari miwili kwamba nimefunga sawasawa, nikaionyeshe kikaoni.

Mwanao

Jumapili, tarehe 3

Marahaba mwanangu,

Goti linatabiri mvua kuliko redio. Mistari miwili sina. Sitoi cheti kwa waya nisioushika.

Umeniambia umeangalia, hujaniambia umepima. Betri ikiwa imekaa tu, hata iliyochoka hujisifu. Ifunge droni mezani kwa mikanda, washa mota zote, bana waya wa betri kwa mita ya kubana, usome ampea. Kisha soma skrini. Nitumie namba hizo mbili. Na kaa mbali na mapanga yake yanayozunguka. Vidole havisukwi upya kama mota.

Shangazi yako

Alhamisi, tarehe 7, asubuhi

Mwanangu, hujambo?

Siku nne sijaona namba, na wewe huwa hunifichi hata habari ya jino. Kikao ni kesho. Kimya cha fundi nakijua. Umekuta nini?

Shangazi

Alhamisi, tarehe 7, mchana

Shikamoo Shangazi,

Afya ipo. Mita inasoma ampea thelathini na mbili, skrini kumi na tano. Nilipima Jumanne.

Waya hazina kosa. Kila sensa ina namba yake ya kuingiza kwenye kompyuta, ili ijue ishara ile ni ampea ngapi. Ya zamani ilikuwa kumi na saba, hii mpya ni thelathini na sita. Mimi niliacha kumi na saba, kwa kuwa plagi iliingia. Droni ikawa inakula zaidi ya mara mbili ya inavyohesabiwa. Ilipoandika sitini, ilibaki kama kumi na tano, na kwa mzigo ule betri hiyo haiwezi tena kuibeba.

Nimeshaweka thelathini na sita. Skrini na mita sasa zinakubaliana, na hakuna aliyeniona. Haitaanguka tena. Mrefu ni rubani mzuri, atapata kazi kwingine. Wadogo zangu wananitegemea, unajua. Niambie neno.

Mwanao

Alhamisi, tarehe 7, mchana

Mwanangu,

Salamu baadaye. Rubani aliyeangusha damu nani atamchukua? Mota nilizounguza mimi zingejaza chumba. Hakuna hata moja iliyomfukuzisha mtu mwingine.

Kikao saa ngapi?

Shangazi yako

Ijumaa, tarehe 8

Shikamoo Shangazi,

Mwili mzima. Kikao kilikuwa saa nne. Nilisimama kabla bosi hajafungua faili. Niliwatoa nje hadi kwenye meza ya majaribio, nikarudisha kumi na saba, nikawasha mota, nikampa bosi mita aisome mwenyewe. Mrefu anarudi kazini Jumatatu. Mimi nimesimamishwa mpaka waamue.

Getini Mrefu alinisubiri. Nilidhani atanitukana. Akauliza, "Ulijua lini?"

"Jumanne."

Akahesabu kwa vidole, taratibu. "Jumatano," akasema, "mama yangu aliniuliza kama nilikuwa nimelewa."

Akaenda zake.

Mwanao